Plamu Kavu, Papai na Vidonge vya Kuongeza Damu



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja hata mbele ya muuguzi, nalo ni choo kigumu. Tumeulizwa na mama mjamzito wa Kibaha. Dada yake anayekaa Dar es Salaam amemletea pakiti ya matunda meusi yaliyokunjamana, akamwambia ayale kila siku naye atapata choo bila taabu. Anataka kujua ni matunda gani, kama yana faida kweli, na afanye nini yakiisha, maana huko kwake Picha ya Ndege hayauzwi.

Hayo ni matunda ya plamu yaliyokaushwa, na wengine huyaita pruni. Plamu mbichi sisi Tanzania tunazo. Hulimwa Lushoto, katika milima ya Usambara, na msimu wake ukifika huteremshwa kwa matenga hadi masoko ya Dar es Salaam. Zile zilizokaushwa ni biashara kubwa ya nchi za mbali, hasa California huko Marekani, Chile, na Ufaransa.

Faida yake si maneno ya wauzaji tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 40 wenye tatizo sugu la choo. Kwa wiki tatu kila mmoja alikula gramu 50 za plamu kavu asubuhi na gramu 50 jioni, na kwa wiki nyingine tatu alitumia unga wa maganda ya mbegu unaouzwa kama dawa ya choo. Plamu zilishinda unga ule: walipata choo mara nyingi zaidi, nacho kilikuwa laini zaidi. Siri yake ni mambo mawili. Kwanza, katika kila gramu 100 zina nyuzinyuzi kama gramu 7. Pili, zina sukari ya aina ya sobitoli, kama gramu 15 katika gramu 100. Sobitoli hainyonywi yote tumboni. Hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji, nayo maji yale hulainisha choo.

Akina mama waliokwisha koma hedhi nao wasikilize. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitoa taarifa ya uchunguzi wa mwaka mzima uliohusu wanawake 235 wa rika hilo. Waliokula gramu 50 za plamu kavu kila siku, yaani kama tano au sita, mifupa yao ya nyonga haikupungua uzito kama ya wale ambao hawakula. Hiyo si habari ndogo kwa mama mtu mzima ambaye akianguka bafuni huvunjika nyonga.

Basi mama uliyeuliza, kula plamu zako. Anza na tatu kwa siku, maana ukizivamia kumi mara moja tumbo litajaa gesi na utamlaumu dada bure. Toa kokwa kabla ya kumpa mtoto. Mwenye kisukari ajue kwamba tunda lililokaushwa lina sukari iliyojikusanya mahali padogo, na mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Sasa, zikiisha? Hapa niseme neno juu ya zambarau, kwa kuwa najua wako watakaosema, "Mbona sisi tuna plamu zetu, zinaota hadi kando ya njia!" Ni kweli zambarau na plamu zinafanana rangi, na Wazungu wengine huiita zambarau plamu ya Java. Lakini hazina undugu, wala kazi yake si moja. Zambarau ina ukakasi, ule unaokausha ulimi na kuupaka rangi. Ukakasi huo hukaza. Ndiyo maana wazee waliitumia zambarau kwa mtu anayeharisha. Watoto wale kwa furaha yao, ni tunda zuri, ila usimpe mtu mwenye choo kigumu ukidhani umempa dawa.

Tunda la kushika mahali pa plamu ni papai. Lina maji mengi na nyuzinyuzi laini, na kwa mtu wa Kibaha au Kisarawe linaota nyuma ya jiko bila kubembelezwa. Nusu ya papai la wastani asubuhi kabla ya chai, kwa siku kadhaa mfululizo, huwasaidia wengi. Wajawazito wamekatazwa papai na mabibi zao, na katazo hilo lina mzizi: papai bichi lina utomvu ambao mjamzito ni heri auepuke. Lakini papai lililoiva vizuri, lenye nyama laini lisilotoa utomvu mweupe, ni chakula na si hatari. Mwenye ukwaju atengeneze maji yake, naye atasaidika. Chungwa lile pamoja na nyama zake. Tunapolikamua na kutupa makapi tunatupa kile kile tunachokitafuta. Pera nalo lina nyuzinyuzi nyingi kupita papai.

Lakini matunda peke yake hayatamshinda adui huyu kama sahani yetu ni sembe nyeupe mchana, wali usiku, na maandazi asubuhi. Nafaka iliyokobolewa imekwisha kuvuliwa nyuzinyuzi zake mashineni. Dona haina umaridadi wa sembe, nakubali, na wageni wengine huikunjia uso, lakini tumbo huipenda. Kunde, maharage, matembele, na kisamvu cha nazi, ambacho mama wa Maneromango hahitaji kufundishwa na mtu kukipika, vyote vinasukuma choo.

Na maji. Nyuzinyuzi bila maji huwa kama sifongo kavu: hujaa tumboni zisisogee. Mji wa Kisarawe uliteseka na shida ya maji miaka mingi hadi mradi wa Kibamba hadi Kisarawe ulipozinduliwa mwaka 2020, na mahali ambapo maji hubebwa kichwani mama huwa wa mwisho kunywa. Anapikia, anaogesha watoto, anamwekea baba ya kunawa, naye mwenyewe jioni anakumbuka kwamba tangu asubuhi amekunywa kikombe kimoja cha chai. Jipimie chupa yako asubuhi, uiweke mahali unapoiona, na hakikisha hadi jioni umeijaza tena na tena.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya nilichague swali hili kati ya mengine. Mama huyu aliandika mwishoni, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba ameacha vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki kwa sababu "vinafunga choo". Mwenzangu, hapo ndipo penye hatari. Vidonge vile vina madini ya chuma pamoja na foliki asidi, na ni kweli kwamba chuma hukaza choo na kukifanya cheusi. Weusi huo usikutishe. Lakini mjamzito mwenye upungufu wa damu anaingia chumba cha kujifungulia bila akiba. Wote tunavuja damu wakati wa kuzaa. Aliye na damu ya kutosha husimama tena, na aliyepungukiwa anaweza kupoteza maisha kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Mtoto naye aweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo.

Kwa hiyo tusiache vidonge. Tupambane na choo. Meza kidonge baada ya chakula cha jioni kama asubuhi kinakutia kichefuchefu. Usikimeze na chai, kwa maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kimeze na maji, kisha ule chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Wakati wa msimu wa korosho yako mabibo, ambayo vitamini C yake inazidi ya chungwa kwa mbali, na ambayo katika mashamba yetu ya Pwani mengi huoza chini ya miti au huishia kwenye pombe. (Bibo lina ukakasi kama zambarau, basi moja latosha, na papai liwepo.) Ukifanya hayo na bado unateseka, rudi kliniki ukaseme wazi. Muuguzi amesikia habari za choo mara elfu moja, hatakushangaa. Anaweza kukupa dawa ya kulainisha iliyo salama kwa mimba, au daktari akabadili aina ya kidonge. Usinunue dawa ya kuharisha dukani kwa kubahatisha, wala usinywe mizizi ya kusafisha tumbo ukiwa na mimba.

Kujikamua chooni siku baada ya siku huleta bawasiri, na mimba yenyewe hulifanya hilo kuwa jepesi zaidi. Akina mama wengi hukaa nayo miaka kwa aibu, mpaka hata mume hajui kwa nini mkewe hakai vizuri kwenye kiti. Mweleze. Atakapopita sokoni ataleta papai badala ya soda.

Kuhusu watoto nitasema machache. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kama kinapokuja ni laini, naye ananyonya na kuongezeka uzito, hana ugonjwa. Aliye chini ya miezi sita asipewe maji wala juisi ya papai. Kipande cha sabuni ambacho wengine humwekea mtoto sehemu ya haja kubwa kiachwe kabisa. Huunguza ngozi ile laini. Mtoto wa shule akianza kubana choo mpaka kinakuwa jiwe, mwulize habari za choo cha shuleni, kwa sababu wengi wanakiogopa kwa uchafu au kwa kukosa mlango. Mwamshe mapema kidogo, akae chooni nyumbani baada ya uji, bila kuharakishwa.

Mtoto mchanga ambaye siku mbili zimepita tangu azaliwe na hajapata choo chake cha kwanza cheusi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto au mtu mzima ambaye tumbo limevimba na anatapika, anayetoa damu kwenye choo, au anayekonda bila sababu. Kwa hao usisubiri papai liive.