Nyama ya kondoo haitokani na mbegu pekee

Wafugaji wengi nchini huamini kwamba anayenunua dume la Dorper amekwisha kupata nyama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, nayo inatugharimu.

Hapana shaka kondoo wa Dorper, ambaye mbegu yake ilianzishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, hukua upesi na kuwa mzito. Lakini uzito huo hudai malisho mema na dawa za minyoo. Utafiti uliofanywa Diani, Kwale, katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kondoo wekundu wa Kimaasai walistahimili minyoo zaidi, na wana wao walikufa wachache kuliko wa Dorper. Mwanakondoo aliyekufa hana kilo.

Umri nao una hesabu yake. Mwanakondoo hujenga mwili kwa kasi miezi ya kwanza, mradi mamaye ana maziwa ya kutosha. Akishapevuka, sehemu kubwa ya chakula cha ziada hugeuka mafuta. Basi anayemweka miaka mingi akingoja bei hupoteza majani bure.

Wakati huohuo, kwa kuchanganya damu kiholela, kondoo mwekundu halisi anaadimika. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Walimu wa Kilimo na wanafunzi wao waongoze njia. Wapime wanakondoo kila mwezi, waandike mbegu, umri na chakula cha kila mmoja, kisha wawashauri wazazi kabla kondoo jike mwekundu wa mwisho hajauzwa.