Kabla ya kusema "wahame", panda boti Rufiji

Nimepotea kweli, najua. Kwanza mitihani ilinibana, halafu bumu likakata, si mnajua tena maisha ya hosteli. Leo nimerudi na jambo limenikaa moyoni, naomba mnivumilie.

Wikiendi iliyopita tulikwenda Rufiji. Tulikuwa wanane wa darasa letu, tumechangishana tangu muhula uanze. Tukatoka Dar alfajiri, tukapita Mkuranga hadi Kibiti, pale tukakunja kuelekea Mloka. Jamaa yetu mmoja kwao ni Lindi, njia nzima anatuhadithia jinsi mama yake alivyokuwa akilala Ndundu akisubiri kivuko, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Sisi wa siku hizi tunalipita dakika moja huku tumesinzia.

Basi bwana, saa tisa alasiri tukapanda boti. Tulichanganyika na familia moja kutoka Mbagala na wazungu wawili wazee wenye kamera ndefu kama bomba la maji. Tukavaa maboya, nahodha akawasha injini, tukaingia mtoni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019.

Wadau, mto ule ni mkubwa! Maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote yanaishia humo, ndipo yaende kumwagika baharini kule karibu na Mafia. Mivumo imesimama kandokando, mingine imebaki vigogo vitupu. Viboko wamejaa. Nahodha akawa anawazunguka kwa mbali. Kiboko, akasema, usimzibie njia ya kwenda kwenye kina, hapo ndipo anapokuwa adui. Mamba nao wamelala kwenye mafungu ya mchanga, midomo wazi, utadhani wanafunzi wa kipindi cha saa nane mchana.

Sasa ndipo mwenzetu mmoja akaropoka: "Hivi hawa watu wa Rufiji kila mwaka mafuriko, kwa nini wasihame tu?"

Mimi nikatazama pembeni. Maana Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti, mimi mwenyewe niliandika kwenye grupu la darasa, "Wahame, wamezidi ubishi." Nikapigiwa madole gumba kibao. Nilijiona nimesema.

Nahodha hakukasirika. Akapunguza mwendo, akauliza, "Mwanangu, wali unakula?"

"Nakula, mzee."

"Ulidhani unaota Kariakoo?"

Boti zima tukacheka. Kisha akatueleza taratibu. Kule bondeni, chini ya hifadhi, maji yakipanda yanaleta tope, na tope ndiyo mbolea. Mpunga unakunywa maji hayo. Yakishuka, watu wanapanda mahindi na kunde kwenye ardhi ambayo bado ina unyevu, bila kusubiri mvua. Kilimo hicho wanakiita mlau. Mkulima anajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, anakaa humo kulinda shamba.

Na kuhama walishahamishwa! Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni ikawapandisha kwenye miinuko ya upande wa kaskazini. Walikwenda. Lakini msimu ukifika wanashuka tena, kwa sababu kule juu ardhi ni ya mchanga na chakula kiko chini. Nahodha akamalizia hivi: "Nyumba inahama, mwanangu. Shamba la mlau halihami."

Tangu siku hiyo sentensi hiyo haijanitoka kichwani.

Sasa maoni yangu, na najua wengine mtanirukia. Mimi silipingi Bwawa la Nyerere. Ningekuwa mnafiki, maana mgao wa umeme naujua, nimeshasoma desa kwa tochi ya simu. Bwawa lilianza kujazwa maji Desemba 2022, umeme wa kwanza ukaingia gridi mwanzoni mwa 2024, na mitambo yake yote 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Feni inayozunguka chumbani kwangu huenda inazungushwa na maji yale yale niliyopita juu yake na boti.

Lakini bwawa linazuia maji, na tope nalo linabaki huko nyuma ya ukuta. Mkulima aliyekuwa akisoma mto kwa macho yake sasa lazima ajue pia wanaolisimamia bwawa wamepanga kufungulia maji kiasi gani na lini. Mwaka 2024 watu walibishana sana kama mafuriko yale yaliletwa na bwawa au na mvua nyingi, na serikali ilisema ni mvua. Mimi siyo mhandisi. Ninachosema ni hiki: sisi tunaopata umeme na yule anayelima chini ya ukuta tuko boti moja. Akipata habari kuchelewa, anapoteza mwaka mzima wa chakula.

Kwa hiyo taarifa za kufungulia maji ziwafikie mapema hadi kwenye madungu, kwa redio, kwa simu, kwa wenyeviti wa vitongoji. Nyumba, zahanati na shule zijengwe juu, hapo sibishani na mtu, watoto wasichezewe. Lakini haki ya kushuka kulima iachwe, na wataalamu wakae na wakulima waone mlau utaishi vipi bila tope la zamani. Nyie wa kilimo, jiografia na uhandisi mnaohangaika kila mwaka kutafuta mada za utafiti, mada hiyo hapo, saa chache tu kutoka Dar.

Jioni ile jua lilizama nyuma ya mivumo, maji yakawa mekundu, wazungu wakapiga picha mpaka betri zikaisha. Mimi nilipiga mbili tu. Usiku niliporudi kwenye mtandao nikaandika kwenye grupu letu: "Lile neno la 2024 nalifuta. Nilisema nisichokijua."

Hakuna aliyenipa dole gumba. Poa tu.

Nawasilisha.