Simba bora ni ile iliyoshinda Accra

Kila Simba inapotolewa kwenye mashindano ya Afrika, vijiwe vinafufua kesi ileile: kati ya vikosi vyote vilivyopita Msimbazi, kipi kilikuwa bora kuliko vingine? Vijana wengi wanaona hukumu imeshatoka, ni kile cha 2020/21, cha Clatous Chama na Luis Miquissone. Kaka zao wanakuja na Juma Kaseja na mwaka 2003. Wapo pia wanaohesabu fainali, na hao wana mbili za kuchagua, ya 1993 na ya 2025. Mimi nasimama na kikosi cha 1974, na sisemi hivyo kwa kuwa cha kale ni dhahabu. Kila upande katika ubishi huu huleta mizani inayompa ushindi mtu wake: wa 2021 analeta pointi, wa 2003 analeta jina la mpinzani, wa fainali analeta fainali. Inatakiwa mizani isiyopendelea kizazi chochote, na Simba inayo moja ambayo imeitesa kwa nusu karne, nayo ni mechi ya ugenini.

“Kwa Mkapa hatoki mtu” ni tambo tamu ya uwanja wa nyumbani, lakini ina ungamo ndani yake. Msimu wa 2018/19 ndio unaoeleza vizuri zaidi. Simba ilishinda mechi zote tatu za makundi nyumbani, ikiwemo ile ya Al Ahly iliyoamuliwa na bao la Meddie Kagere. Ikisafiri, ilipigwa tano Kinshasa na AS Vita, tano nyingine Misri, mbili Algeria, kisha nne Lubumbashi kwenye robo fainali dhidi ya TP Mazembe. Mechi nne, mabao 16 nyavuni, na moja tu la kufunga, lile la Emmanuel Okwi. Timu iliyofika robo fainali kwa njia hiyo inastahili pongezi, ila huwezi kuipa ubora wa historia nzima.

Kikosi cha 2020/21 kilionekana kimepata dawa. Kiliongoza kundi kwa pointi 13 mbele ya Al Ahly, bingwa mtetezi, na katika mechi sita kiliruhusu mabao mawili tu. Kiliifunga Vita kwao kwa penalti ya Chris Mugalu, kikatoka suluhu na Al Merrikh kule Sudan, na Cairo kikapoteza kwa bao moja. Kwa uchezaji wa mpira, pasi na utulivu, sidhani kama kuna Simba iliyowahi kupendeza macho kuliko ile. Halafu ikaja Johannesburg, Mei 2021, Kaizer Chiefs wakafunga manne. Marudiano, John Bocco akapiga mawili, Chama moja, Simba ikashinda 3-0 na kutolewa kwa tofauti ya bao moja. Mashabiki wanaikumbuka mechi hiyo ya pili kama ushujaa, na ulikuwa ushujaa kweli, ila ulikuwa wa kulipa deni ambalo timu bora haikupaswa kulikopa.

Fainali nazo haziniumizi kichwa sana. Ya 1993 ilikuwa ya Kombe la CAF, ya 2025 ya Kombe la Shirikisho, na yote mawili ni makombe yaliyo chini ya lile la mabingwa. Tena mwaka 1993 kazi ngumu ilishafanyika Abidjan, suluhu na Stella, kisha Simba ikafungwa 2-0 Dar es Salaam mbele ya watu wake. Ndiyo maana ugenini peke yake hakutoshi. Ingetosha, tungempa taji mtu wa 1979, ambaye alifungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, akaenda Zambia akashinda 5-0. Hayo ni maajabu, lakini hakuna kocha anayeomba kuyapitia.

Basi wanabaki wawili, 1974 na 2003, na wanafanana kuliko tunavyokiri. Wote walikutana na Wamisri, wote walishinda 1-0 Dar es Salaam, wote walifungwa 1-0 Misri na kwenda kwenye penalti. Mwaka 2003 Kaseja aliokoa, Christopher Alex akamaliza, na Zamalek akavuliwa ubingwa nyumbani kwake. Mwaka 1974 Simba ilishindwa mikwaju hiyo na Mahalla. Mtu wa 2003 atauliza, kwa haki, kwa nini aliyeshinda penalti awe chini ya aliyeshindwa. Kwa sababu ya walikofika na walikopita. Ya Mahalla ilikuwa nusu fainali ya kombe kubwa la klabu Afrika, hatua ambayo hakuna klabu nyingine ya Tanzania iliyoifikia hadi leo. Na kabla yake Simba ya Abdallah Kibadeni, Adam Sabu, Khalid Abeid na kipa Athumani Mambosasa iliishinda Hearts of Oak 2-1 mjini Accra, kisha ikailinda faida yake nyumbani kwa suluhu. Cairo mwaka 2003, Simba ilifungwa ndani ya dakika 90 ikaokolewa na kipa. Accra ilishinda ndani ya dakika 90.

Kuna wanaosema mashindano ya wakati ule yalikuwa mepesi, timu chache, mechi chache. Idadi ilikuwa ndogo, nakubali. Lakini Ghana haikuwa shamba la bibi miaka ile, na Mahalla walikuwa mabingwa wa Misri, tena walifika fainali wakaja kuzuiwa na CARA ya Brazzaville. Wachezaji wa Simba nao walikuwa wa ridhaa.

Pingamizi zito zaidi linatoka Jangwani: bora gani huyo aliyepokwa ubingwa wa nchi na Yanga mwaka uleule? Ni kweli. Agosti 1974, Nyamagana, Mwanza, Simba ilitangulia kwa bao la Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha dakika ya 87, Sunday Manara akaimaliza kazi katika muda wa nyongeza. Hapo sina cha kujitetea isipokuwa kusoma matokeo yalivyo: Simba ilikuwa mbele hadi dakika tatu kabla ya filimbi. Mtu wa Yanga anaweza kudai kwamba siku ile timu bora ya Tanzania ilikuwa yake, na sitabishana naye. Swali letu lilikuwa la Simba tu.