Adapta za USB zisiitwe kwa nambari ya foleni

Tuseme kaunta ya duka ina kompyuta ya Linux, mizani na printa ya risiti, kila kifaa kikiwa na adapta yake ya USB. Asubuhi mizani inaitwa ttyUSB0, printa ttyUSB1. Umeme ukikatika na kurudi, printa ikawahi kutambuliwa, majina yanabadilishana. Programu inauliza uzito kwa printa, haijibiwi, na mhudumu anaambiwa mizani imekufa.

Mizani ni nzima. Wa kulaumiwa ni fundi aliyeandika ttyUSB0 kwenye mipangilio, kana kwamba ndilo jina la kifaa. Nambari ile ni kama ya foleni ya benki: inaonyesha aliyewahi kufika, haisemi ni nani.

Visingizio vilishakwisha. Tangu 2003 Linux ina udev, iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman, ambayo husoma utambulisho wa kifaa kinapochomekwa. Leo, kwenye /dev/serial/by-id, huweka jina lenye mtengenezaji, modeli na nambari ya pekee ya adapta. Anayetaka jina fupi huandika kanuni ya mstari mmoja ndani ya /etc/udev/rules.d: adapta yenye nambari fulani iitwe /dev/mizani. Baada ya hapo ichomekwe tundu lolote, jina ni lile lile. Mwongozo wa Klipper, programu ya printa za 3D, huwaelekeza watumiaji kwenye by-id.

Watengenezaji nao wana lao. Chipu ya FT232R ya FTDI hutoka kiwandani na nambari yake. CH340, iliyojaa kwenye bodi za bei nafuu, kwa kawaida haina, na CP2102 nyingi huja zote na 0001. Adapta mbili za namna hiyo hugombea jina moja. Fundi hubaki na by-path, inayofuata tundu badala ya kifaa, hivyo kila tundu libandikwe lebo. Inafaa, mpaka siku mtu atakapopangusa vumbi na kurudisha waya tundu la jirani.

Kwa hiyo ofisi inayonunua adapta kadhaa ifanye jaribio kabla ya kulipa: ichomeke mbili za aina moja, kisha ifungue /dev/serial/by-id. Likionekana jina moja tu, mzigo urudi dukani.