Njia ya miguu na pikipiki zetu



Mvua hizi tumepokea wandugu watatu waliofika kwetu bila pikipiki zao. Wote watatu zilikamatwa msituni, mbali na barabara kubwa, kwenye vile vinjia vinavyokwenda kwenye kare za dhahabu. Na wote walisema neno moja: "Ile njia ni yetu. Sisi ndio tuliifungua kwa panga na kwa miguu. Nani atatukataza kupita?"

Tuliona vizuri kujibu hapa, sababu swali si la watatu tu. Na jibu letu halitafurahisha kila mtu.

Tuanze na barabara yenyewe. Kutoka Kisangani unapita Bafwasende, unafika Nia-Nia, kiisha unaingia katika Hifadhi ya Okapi, unapita Epulu mpaka Mambasa. Ile ni RN4, barabara ya taifa. Hifadhi iliwekwa mwaka 1992, na mwaka 1996 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia. Mwaka uliofuata ikaandikwa kati ya zile zilizo hatarini. Lakini barabara haikufungwa. Lori linapita, basi linapita, pikipiki yako pia inapita. Kuna bariyeri za ICCN, na usiku magari hayapiti, sababu wanyama wanavuka. Hilo tumelizoea: ukifika jioni unalala bariyerini, unanunua chikwangue, asubuhi unaendelea. Hakuna aliyekamatwa kwa kuwa alipita RN4 mchana na karatasi zake mkononi. Akikamatwa namna hiyo, atuletee habari, tutafuatana naye.

Shida inaanza pale unapoacha barabara. Unakata kushoto au kulia, unaingia kinjia cha mtu mmoja, na wewe uko juu ya pikipiki na bidon mbili za mafuta, pampu ya maji na mfuko wa mchele. Hapo, ndugu, hauko tena kwenye barabara ya watu wote. Uko ndani ya hifadhi, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, ile ya kulinda mazingira, inakataza ndani ya hifadhi kila kazi isiyopatana na ulinzi wake. Kuchimba haipatani. Basi pikipiki inayopeleka pampu kwenye kare inafuata kosa la kare. Hata kama njia ilifunguliwa na babu yako.

Wengine watasema: lakini watu wanaishi mule! Ni kweli. Hifadhi ya Okapi si kama parke ya taifa. Kuna vijiji, kuna mashamba, kuna Bambuti ambao wanatembea msitu huo tangu zamani. Hakuna anayewafukuza juu ya kutembea. Lakini angalia vizuri: njia yao ni ya miguu. Mwanamke anabeba kikapu, mwindaji anabeba wavu, na kinjia kinabaki kinjia miaka na miaka. Sisi tukipitisha pikipiki mwezi mmoja tu, tairi linachimba mfereji katikati. Mvua inajaza mfereji, inakuwa matope. Wa nyuma anapita pembeni, anakata miti midogo. Wa nyuma yake anapita pembeni zaidi. Kiisha mwaka njia ina upana wa mita mbili au tatu, na siku moja unasikia Land Cruiser imefika. Nyuma ya Land Cruiser inakuja mashine ya kuchimba, na nyuma ya mashine anakuja mwenye mashine, na wewe uliyefungua njia unaambiwa uondoke. Wengi wetu tulifukuzwa namna hiyo, na tulijifukuza wenyewe kwa pikipiki zetu.

Na kuna watoto. Kwenye kambi moja ya wachimbaji, katika teritwari ya Bafwasende, kinjia cha kwenda kuchota maji ndicho kinjia cha wamotari. Mtoto wa mwenzetu alivunjwa mguu pale, ndoo ikiwa kichwani. Tulimleta Kisangani, tulichanga pesa ya gipsi. Dereva alikuwa mwenzetu pia, si mtu mbaya. Alisema hakuwa na pa kupita pengine. Na mtoto je, alikuwa na pengine?

Hapa mjini si tofauti. Karibu na Marché central pikipiki inapanda trotwari kama vile trotwari ilijengwa kwa ajili yake. Code de la route tunayo tangu mwaka 1978, na trotwari ni ya watu wa miguu. Sisi wazee kidogo tunakumbuka wakati wa toleka, baiskeli zile za Kisangani; ikikugonga unatukana, unaendelea na safari yako. Pikipiki si toleka.

Sasa, tusidhanie kwamba tunasema haya ili kufurahisha wakubwa. Leta nayo ina deni kwetu. Mipaka ya Hifadhi ya Okapi kwenye ramani ya Cadastre minier haikulingana na ile ya ICCN. Ofisi mbili za Leta moja, ramani mbili! Ikiwa wao wenye kompyuta hawapatani, mchimbaji atajuaje kwamba ule mti ni wa hifadhi na ule mwingine si wa hifadhi? Kule Muchacha, kwenye mto Ituri, dhahabu inachimbwa kwa mashine kubwa, na mashine kubwa haikubebwa kichwani. Ilipita njia. Nani aliipa ruhusa ya kupita, wakati pikipiki ya baba wa watoto watano inakamatwa? Sheria ikikamata pikipiki na kuacha katapila, watu wataona ni bariyeri ya kutafuta pesa tu.

Kuhusu pesa, tuseme wazi. Mmoja wa wale watatu alilipa, bariyeri hatutaitaja, na hakupewa karatasi. Alilipa mara ya pili, hakupewa. Wandugu, pesa bila karatasi haikusaidii mbele ya mtu yeyote. Omba karatasi yenye muhuri. Wakikataa, andika siku, saa na mahali, uje nayo.

Tunachoomba kwa gavana wa Tshopo na kwa ICCN si kikubwa. Kibao mahali kila kinjia kinapoacha barabara: hapa hifadhi inaanza, hapa pikipiki haipiti. Kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Lingala. Ramani moja, ibandikwe Bafwasende na Nia-Nia mahali watu wanaweza kuisoma. Na kanda za wachimbaji wadogo ambazo Code minier inazisema tangu 2002 zitolewe kweli, mahali ambapo barabara inafika, si ndani ya msitu ambamo lazima uvunje sheria ili ufike kazini.

Na kwetu wenyewe, katika sendika, tumeamua: kuanzia sasa hatutasimamia tena mwanachama aliyekamatwa na pikipiki ndani ya hifadhi, nje ya RN4. Tutaomba tu apewe karatasi yake na asipigwe. Wengine walikasirika na wakatoka mkutanoni. Tunawajua, ni wandugu, watarudi.

Parke ya Maiko ni hivyo hivyo, tena zaidi, sababu ile ni parke ya taifa tangu 1970. Kule usiingie na pikipiki, usiingie na pampu. Usidanganywe na mtu anayekuuzia "njia salama".

Pikipiki mbili za wale wandugu zilirudishwa, moja bila betri. Ya tatu iko bado kule, chini ya mvua. Mwenyewe alipanda lori wiki iliyopita kurudi upande wa Bafwasende, na pampu yake ameiacha kwa shemeji, Mangobo.