Kabla ya Kununua Kompyuta ya Kurekodia Muziki

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi yumo kijana mwenye ombi moja: kompyuta mpakato ya kurekodia nyimbo zake. Mzazi akikubali, hutoa akiba ya miezi kadhaa, naye kijana huenda Kariakoo akarudi na mashine yenye kioo kipana na taa za rangi chini ya vibonye. Wiki tatu zikipita bila wimbo, lawama humwangukia yeye, kwamba hajui kwenda na mapigo. Leo tungependa kumtetea kidogo, maana huenda kosa limo ndani ya mashine.

Katika miaka ya 1970 bendi zetu nyingi zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki walipiga kwa pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake, na mkanda ukapokea. Kijana wa leo yu peke yake chumbani. Hurekodi ngoma kwanza, juu yake gitaa, kisha sauti yake mwenyewe. Na kila mara huvaa hedifoni ili asikilize yale ya awali huku akiimba mapya. Hapo ndipo penye mtego.

Kompyuta haipitishi sauti papo hapo. Huikata vipande vidogo, mathalani 48,000 kwa kila sekunde, ikavikusanya katika kibaba, na kibaba kikijaa ndipo huvishughulikia. Kibaba cha vipande 1,024 huchukua kiasi cha milisekunde 21 kujaa. Na kwa kuwa sauti huingia na kutoka, kuchelewa kote hukaribia milisekunde 43. Kwa muda huo sauti husafiri hewani mita zipatazo 15. Yaani mwimbaji hujisikia kana kwamba anaimbia upande wa pili wa ua! Hata fundi aliyebobea angeyumba. Kibaba kikipunguzwa hadi vipande 256, kuchelewa hushuka hadi milisekunde 11 hivi, na waimbaji wengi hawasumbuliwi nako. Lakini kibaba kidogo hujaa upesi, na mashine dhaifu haiwahi kukimwaga. Sauti hukatika na kutoa mikwaruzo.

Basi fedha yako ielekee kwenye prosesa kabla ya kioo. Na hapa jihadhari na lugha ya wauzaji, ambao hutaja “i7” kana kwamba ni cheo cha jeshi. Prosesa ya Intel i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili tu, ilhali i5-8250U iliyotoka mwaka 2017 ina vinne. Tarakimu moja au mbili zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi, na kwa mashine za mtumba za Intel tunashauri usishuke chini ya kizazi cha nane. Iko sababu nyingine: Windows 11 kwa kawaida haikubali vizazi vya nyuma ya hapo, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025.

Kumbukumbu ya kazi, ile waiitayo ramu, isipungue gigabaiti 8. Gigabaiti 16 ndizo za kutulia nazo. Uliza kama inaweza kuongezwa baadaye. ThinkPad T480, kwa mfano, ina nafasi mbili za kuchomeka ramu, hivyo mfanyakazi anaweza kuanza na kidogo akaongeza mshahara mwingine ukitoka. MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, haiongezeki kamwe. Lakini haina feni, nayo ni neema kubwa kwa anayeimba karibu nayo, na programu ya GarageBand hutolewa bure. Diski iwe ya SSD, kwa kuwa ile ya sahani inayozunguka ni nzito kwa mwendo, na hunguruma.

Usimalize fedha zote kwenye kompyuta. Tungetenga nusu tu, na nusu iliyobaki inunue kadi ya sauti ya nje, kipaza sauti, hedifoni na diski ya akiba. Nyingi ya kadi hizo humwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijaingia katika kompyuta, na kwa njia hiyo hata mashine ya wastani huweza kazi ya kurekodi sauti. Programu za wizi ziepukwe, kwani huja na virusi. Reaper hujaribiwa siku 60 bila malipo, na leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60.

Siku ya kununua, nenda na hedifoni zako. Rekodi dakika kumi pale pale dukani, kisha chomoa waya wa umeme urekodi tena. Mngurumo ukitoweka, shaka iwe juu ya chaja. Mashine ikizimika, betri imekufa, nasi tunaujua umeme wetu. Tega sikio kwenye feni. Mwisho mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba utaweza kuirudisha ndani ya siku saba. Akikataa, duka la jirani nalo liko wazi.