Mgeni kanisani si mshukiwa



Hapa Beni kuingia kanisani si jambo jepesi tena. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2021 bomu lililipuka katika kanisa la parokia Emmanuel-Butsili na kujeruhi wanawake wawili. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2023 lingine likaua watu zaidi ya 10 katika kanisa la CEPAC kule Kasindi, watu wakiwa kwenye sherehe ya ubatizo. Tangu hapo vijana wa protokole wanasimama mlangoni, wanafungua mifuko, na ikitokea sura wasiyoijua wanatazamana. Siwalaumu. Lakini sura nyingi tusizozijua Jumapili hizi ni za ndugu zetu waliokimbia vita, na namna tunavyowapokea inanisumbua.

Fikiria mama aliyetoka Komanda, kule Irumu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka 2025, washambulizi waliingia kwenye kanisa la kule wakati waumini wako katika mkesha, wakaua watu zaidi ya 30. Mama kama huyo akifika mlangoni petu, yeye ndiye mwenye sababu ya kuogopa kuliko sisi wote. Anatafuta mlango wa kutokea kabla ya kutafuta benchi. Sisi tunamuuliza mbele ya watu anatoka wapi na nani anamjua, huku jirani yake mwenye mkoba mkubwa kuliko wake anapita na kuitwa kwa jina.

Kama ni kupekua, wapekuliwe wote, mzee wa kanisa na mke wa mchungaji wakiwemo. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Hapo mgeni hatakuwa na sababu ya kuona aibu, na ulinzi wenyewe utakuwa na maana.

Halafu kuna lile la "wageni, simameni". Ni desturi nzuri. Wakati wa amani mtu alisimama, akaleta salamu za kanisa lake, korali ikamwimbia, akaketi akitabasamu. Mkimbizi akipewa mikro leo, watu wanangoja habari za wafu. Wako wanaopenda kusema, na waseme. Wengine wanaanza kulia katikati ya jina la kijiji chao. Basi aulizwe kwanza, pembeni, kabla ibada haijaanza. Na kama mahubiri ni kwa Kinande, mtu mmoja aketi karibu naye amnong'onezee kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Jambo gumu zaidi ni barua. Makanisa mengine yanamwomba mgeni barua ya mchungaji au padri wake kabla ya kumwandika. Mchungaji gani? Pengine naye yuko chini ya shitingi mahali fulani, na vitabu vya ubatizo vilibaki nyuma. Tusione hilo kuwa dogo. Mjini kwetu mtu akifa, shirika au chapeli ndiyo inayochangia sanduku, inayokesha matangani, inayobeba maiti. Asiyeandikwa popote anazikwa na nani? Ninaona inatosha watu wawili wa kijiji chake wamshuhudie. Mara nyingi hata katekista au shemasi wa huko yuko hapa hapa mjini, anatembea bila kazi. Mwiteni.

Na ninyi ndugu mliokimbia, msikae nyumbani kwa sababu kanisa la karibu si la kwenu. Mtu wa CECA 20 akisali kwa Waanglikana miezi mitatu hajageuka Mwanglikana. Fika mapema, usalimie protokole, uulize nani anaongoza shirika au seli ya avenue unayolala. Jina hilo litakufaa kuliko kiti cha mbele. Wakati wa sadaka, benchi nzima ikisimama na mfukoni hakuna kitu, simama nao upite. Hakuna anayehesabu mikono, na anayehesabu ana shida yake.

Kwa wenyeji nina ombi moja la Jumapili hii. Watu wakitawanyika, kabla ya kupanda moto kurudi nyumbani, mmoja wenu amuulize yule asiyemjua analala wapi. Juma katikati, aende kumwona huko.